Umeacha kukoroma sio umepona: mwongozo wa mazoezi ya ulimi na koo kwa anayekatika pumzi usingizini

Kukoroma ni sauti, kukatika pumzi ni ugonjwa, na hivi vitu viwili vinakaa nyumba moja lakini sio kitu kimoja. Naanza na hilo makusudi kwa sababu wengi wanaoingia kwenye haya mazoezi wanachotaka ni sauti iishe, mwenzao kitandani alale, basi. Na sauti kweli inapungua. Shida inakuja pale mtu anaposema "mbona sikoromi tena, nimepona", mashine yake ya kupuliza hewa usingizini anaisukumia uvunguni, kumbe usiku bado anakatika pumzi mara kumi na kitu kwa saa ila sasa hivi anakatika kimyakimya. Mimi nilikuwa mmoja wao, nitafika huko.

Tuanze na kinachotokea kooni maana ukielewa hapo mazoezi hayatakuchosha, utajua kila moja linagusa wapi. Ile sehemu ya njia ya hewa iliyo nyuma ya ulimi na kaakaa laini haina mfupa wala gegedu la kuishikilia iwe wazi kama lilivyo bomba la chini linaloenda mapafuni, inashikiliwa na misuli tu. Mchana uko macho, ubongo unaikaza hiyo misuli bila wewe kujua, hewa inapita freshi. Ukilala misuli inalegea, na ukiingia usingizi wa ndoto inalegea zaidi, hapo ulimi unateleza kurudi nyuma, hasa ukilala chali, kaakaa laini nalo linashuka. Upenyo ukiwa mdogo hewa inapita kwa nguvu na nyama zinapepea, hilo ndo koromo. Ukiziba kabisa kinakuja kimya, kifua kinahangaika lakini hewa hamna, sekunde 10, 20, wengine zaidi, oksijeni inashuka, ubongo unashtuka na kukuamsha kidogo tu, unavuta pumzi kama mtu aliyeibuka majini, unalala tena, asubuhi hukumbuki chochote ila kichwa kizito na mwili kama hukulala.

Kwa hiyo wazo la mazoezi ni jepesi, kama tatizo ni misuli iliyolegea basi izoeshe iwe na nguvu na ukakamavu hata ikilegea isiporomoke yote. Ulimi ni misuli mitupu. Na hii sio dawa ya kusikia kwa jirani, mwaka 2009 watafiti wa São Paulo huko Brazili waliwachukua watu 31 wenye tatizo la kiwango cha wastani, kundi moja likafanya mazoezi ya ulimi, kaakaa na mashavu kama nusu saa kila siku kwa miezi 3, kundi lingine likapewa mazoezi ya kuvuta pumzi ndefu tu na kuosha pua. Waliofanya mazoezi yenyewe wastani wao wa kukatika pumzi ulishuka kutoka mara 22.4 kwa saa hadi 13.7, na shingo zao zilipungua mzunguko ingawa uzito haukubadilika. Kundi la pumzi ndefu halikupata nafuu hiyo.

Sasa iangalie tena hiyo 13.7. Madaktari wanahesabu hivi: chini ya mara 5 kwa saa mtu mzima hana shida, 5 hadi 15 ni nyepesi, 15 hadi 30 ni wastani, kuanzia 30 ni kali. Ina maana kwa wastani hao watu walitoka kwenye ugonjwa wa wastani wakaingia kwenye ugonjwa mwepesi. Ni hatua kubwa, mimi siidharau hata kidogo, lakini nyepesi bado ni ugonjwa. Hiyo namba ikae kichwani mwako miezi yote mitatu.

HATUA YA 1: PIMA KABLA HUJAANZA

Najua utataka kuruka hapa. Usiruke. Bila namba ya mwanzo hutajua kama mazoezi yamefanya kazi, utabaki na "najisikia vizuri", na kujisikia kunadanganya. Muone daktari, mwambie unakoroma, kuna mtu amekuona unakatika pumzi, unaamka usiku kukojoa mara kwa mara, kichwa kinauma asubuhi, unasinzia mchana, presha haishuki hata na dawa, shingo yako inazidi sentimita 40, chochote kati ya hivyo ulichonacho. Kipimo cha usingizi kinafanyika hospitalini au siku hizi hata nyumbani, unavalishwa kifaa kidoleni cha kusoma oksijeni, kimrija puani, mkanda kifuani, unalala navyo. Asubuhi unapewa namba yako, ile wanayoiita AHI, yaani kwa saa moja pumzi inakatika au kupungua mara ngapi. Iandike mahali, pamoja na oksijeni ilishuka mpaka asilimia ngapi.

Kipimo kina kazi nyingine ambayo watu hawaijui. Kuna aina ya kukatika pumzi ambayo koo halijaziba kabisa, ni ubongo ndo hautumi amri ya kupumua. Hiyo hata ufanye mazoezi ya ulimi mpaka ulimi utoe jasho, haikuhusu. Kipimo kamili ndo kinazitenganisha.

HATUA YA 2: JIULIZE KAMA UNAFAA

Wanaofaidika zaidi ni wenye nyepesi na wastani. Ukiwa na kali, yaani 30 kwenda juu, mazoezi fanya lakini yawe ya nyongeza, mashine ya CPAP ile inayopuliza hewa inabaki palepale, tena kuna wanaosema mazoezi yamewasaidia kuivumilia mashine kwa sababu wamejifunza kufunga mdomo na kupumua kwa pua. Usiiache kwa sababu umesoma mwongozo wa mtu kwenye intaneti, na huyo mtu ni mimi.

Pua nayo. Kama imeziba mwaka mzima, iwe ni mzio, nyama za puani au ukuta wa katikati umepinda, anza na hiyo kwa daktari wa masikio, pua na koo, maana nusu ya haya mazoezi yanategemea upumue kwa pua na usiku ndo utakapoihitaji hasa. Mafindofindo makubwa hayapungui kwa mazoezi. Na mtoto anayekoroma na kukatika pumzi usimuanzishie mazoezi nyumbani kwanza, mpeleke aangaliwe mafindofindo na nyama za nyuma ya pua, mara nyingi chanzo kiko huko. Ukiwa na kiungo cha taya kinachouma au kulia kwaa ukipiga mwayo, mwambie mtaalamu kabla, kuna mazoezi utayaruka.

Uzito, pombe jioni, kulala chali, hivyo vyote vinachangia na mazoezi hayavifuti. Sitavirudia.

HATUA YA 3: VIFAA

Kioo, mswaki laini ambao hutausafishia meno, taima ya simu, puto moja. Mikono iwe safi kwa sababu kidole kitaingia mdomoni. Hakuna cha kununua kingine, ukiona mtu anakuuzia kifaa cha maajabu cha kukaza koo muulize kimepimwa kwa nani. Kipo kifaa kimoja cha umeme mdogo cha kusisimua ulimi ambacho Marekani walikiruhusu mwaka 2021 kwa kukoroma na ugonjwa mwepesi, ila hicho unaandikiwa na daktari, sio hadithi ya mwongozo huu.

HATUA YA 4: MAKAO YA ULIMI

Kabla ya zoezi lolote ulimi ujue kwao ni wapi. Sema "na", halafu usiimalizie, baki kwenye ile N. Ncha ya ulimi imegusa wapi? Nyuma tu ya meno ya mbele ya juu, kwenye yale matuta ya kaakaa, bila kusukuma meno yenyewe. Hapo ndo kwao. Sasa ubandike na mgongo wa ulimi juu, midomo funga bila kukaza, meno yaachane kidogo tu, pumua kwa pua. Mwanzoni utagundua ulimi wako siku zote umelala chini kama mtu mvivu. Mchana kutwa ukikumbuka urudishe juu, ukiwa kwenye kompyuta, ukiwa foleni, popote, hili halihesabiki kama zoezi lakini nadhani ndo kubwa kuliko yote kwa sababu linafanyika masaa, sio dakika.

HATUA YA 5: MAZOEZI YENYEWE

Kaa wima, kioo mbele. Usifanye umelala kitandani kama nilivyoanza mimi, unafanya mawili la tatu umeshasinzia.

La kwanza, kutelezesha. Ncha ya ulimi kwenye yale makao, kandamiza juu, halafu itelezeshe kurudi nyuma kufuata kaakaa mpaka inapoishia, pale panapokuwa laini, kisha anza tena mbele. Mara 20. Kosa la hapa ni kuteleza bila kukandamiza, utafanya 100 na hutachoka. Ukifanya sawasawa mara ya kumi na tano unahisi uchovu chini ya kidevu, weka kidole hapo utasikia misuli inavyokaza na kuachia.

La pili, kunyonya ulimi juu. Bandika ulimi wote kwenye kaakaa, sio ncha tu, wote, unyonye kama unataka kupiga ile sauti ya "tlak" ya kuita punda lakini usiupige, ushikilie umeganda pale. Sekunde 3 hadi 5, achia, rudia mara 20. Fungua mdomo ujiangalie kwenye kioo, ukiona ule utando mwembamba chini ya ulimi umevutika wima kama uzi basi uko sawa. Kama ulimi hauwezi kabisa kufika juu mdomo ukiwa wazi, huenda huo utando ni mfupi tangu kuzaliwa, mwambie daktari, usilazimishe.

La tatu ndo gumu na wengi wanalikosea. Ncha ya ulimi iweke nyuma ya meno ya mbele ya chini, iguse na isitoke, halafu sehemu ya nyuma ya ulimi isukume chini, kama daktari anavyokukandamiza na kijiti akiangalia koo ila hapa unajikandamiza mwenyewe bila kijiti. Angalia kioo, ukifanikiwa utaona koo limefunguka na kilimi kimeonekana chote, kile kinyama kinachoning'inia. Mara 20. Siku za kwanza labda utaweza 5 halafu ulimi unagoma, au kichefuchefu kinakuja, ni kawaida, punguza kasi. Ujanja ulionisaidia ni kujifanya napiga mwayo, ule mwanzo wa mwayo ulimi unashuka wenyewe, unaukamata hapohapo.

La nne ni la kaakaa laini, na hapa Kiswahili kimetubeba. Sema "ng'" ya ng'ombe, ivute: ng'ng'ng'. Hapo nyuma ya ulimi na kaakaa laini vimegusana, sauti inatokea puani. Sasa kutoka hapo fungua kwa nguvu uende kwenye "aaa". Ng'... aaa. Yaani unasema "ng'aa" lakini kwa mwendo wa kinyonga. Angalia kwenye kioo pale inapofunguka, kaakaa linaruka juu na kilimi kinapanda nalo. Huo mruko ndo zoezi, sauti ni kisingizio tu. Ukishalizoea acha ng', sema "a" fupifupi kwa kukata, a! a! a!, kila moja kaakaa lipande, mara 20, halafu "aaaa" moja ndefu ukilishikilia juu sekunde 5, mara kadhaa. Mwenye uzoefu anaweza kulipandisha bila sauti kabisa, mimi ilinichukua kama mwezi. Ukifanya na sauti usipige kelele, koo likikwaruza umezidisha, sio mashindano ya kwaya.

La tano, shavu. Kidole cha shahada ingiza ndani ya shavu la kulia, kisukume shavu nje, halafu shavu likikamue kidole kukirudisha kwenye meno. Mara 10, hamia kushoto, mara 10. Meno yasing'ate kidole. Linaonekana la kitoto, lakini shavu na midomo vikiwa legelege taya inadondoka usingizini, taya ikidondoka ulimi unaifuata nyuma. Kwa midomo, ifunge ibane kwa nguvu sekunde 30, pumua kwa pua.

La sita, mswaki. Ulimi ukiwa umetulia chini mdomoni piga mswaki mgongo wa ulimi na pembeni zake, mara 5 kila upande, wakati ulimi unajitahidi kukaa chini usikimbie. Hili nalifanya palepale ninaposafisha meno, kwa hiyo halinidai muda.

La saba, puto. Vuta pumzi ndefu kwa pua, puliza puto kwa nguvu, usilitoe mdomoni, vuta tena kwa pua, puliza, mara 5. Mashavu yasivimbe kama ya mpiga tarumbeta anayejifunza, yakaze. Hili linapandisha shinikizo kichwani na tumboni kwa hiyo mwenye presha isiyotulia, mwenye henia, mwenye shida ya shinikizo la macho, aliyetoka kufanyiwa upasuaji, lirukeni mpaka daktari aseme sawa. Kizunguzungu kikija acha, kaa.

La mwisho halina muda wake, ni kula. Tafuna pande zote mbili kwa zamu, wengi tuna upande mmoja tunaoupendelea tangu utoto. Unapomeza ulimi upande kwenye kaakaa, meno yamekutana, na midomo isikunjamane. Weka kioo siku moja umeze mate ujiangalie, ukiona kidevu kimekunjika kama ngozi ya chungwa ujue unameza kwa midomo na kidevu badala ya ulimi. Kubadilisha hilo ni kazi ya wiki kadhaa, unasahau, unakumbuka, unasahau.

HATUA YA 6: RATIBA YA MTU MWENYE KAZI ZAKE

Jumla ya yote ukiyafanya kwa mkupuo mmoja ni kama nusu saa. Nusu saa kila siku ndo inayoua watu. Kuna utafiti mwingine wa hukohuko Brazili uliotoka 2015, huu ulikuwa wa wakoromaji, watu 39, wao walipewa fungu fupi la dakika 8 tu mara tatu kwa siku, yale matano ya kwanza niliyoeleza ndo yalikuwa msingi wake pamoja na kutafuna pande mbili. Baada ya miezi 3 kukoroma kukapungua, mara za kukoroma kwa asilimia 36 na nguvu ya sauti kwa asilimia 59. Mimi nikachukua ratiba hiyo: asubuhi baada ya mswaki, mchana chooni (ndio, chooni, kuna kioo na hakuna anayekuuliza kwa nini unasema ng'aa), usiku kabla ya kulala. Puto naweka jioni.

Ukianza usifanye 20 kila kitu siku ya kwanza. Wiki ya kwanza 5 hadi 10, wiki ya pili 15, ya tatu 20. Nilipoanza nilijitutumua siku tatu mfululizo, siku ya nne kiungo cha taya kikauma mpaka kutafuna ilikuwa shida, nikaacha wiki mbili nzima na nilipoanza tena nilianza sifuri. Uchovu wa misuli chini ya kidevu ni mzuri, maumivu mbele ya sikio sio mazuri, hiyo tofauti izingatie.

Chora kalenda, weka alama kila siku uliyofanya mara tatu zote. Hii sio mapambo. Watu wengi wanaosema "nilijaribu hayakunisaidia" ukiwabana wanasema walifanya wiki tatu, tena sio kila siku. Msuli wa mguu haujengeki kwa wiki tatu, wa ulimi utajengekaje. Na ukipata mtaalamu wa matamshi anayejua haya mambo, hata mara moja kwa wiki mbili, nenda, atakuona unapodanganya. Kwenye kioo tunajionea huruma sana.

Kwa asiyependa kabisa kusimama mbele ya kioo kuna njia ya kuchekesha kidogo. Uswisi watafiti waliwachukua watu 25, wengine wakapewa lile zumari refu la wenyeji wa Australia, didgeridoo, wakalipiga kwa miezi 4, wengine wakawekwa wasubiri zamu yao, na matokeo yalitoka mwaka 2006, kukatika pumzi kulipungua kuliko kwa ambao walikuwa bado wanasubiri, na usingizi wa mchana ukapungua pia. Mwaka 2017 wakapewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya tafiti zinazokuchekesha kwanza halafu zinakufikirisha, tena ya amani, nadhani kwa niaba ya wake za wakoromaji wote. Siri yake ni ile pumzi ya mzunguko, unapuliza kwa mashavu huku unavuta kwa pua bila kukatisha sauti. Ila majirani watalalamika mchana badala ya usiku.

HATUA YA 7: USIDANGANYWE NA KIMYA

Sasa nafika pale nilipokuwa napapeleka. Mwezi wa pili wa mazoezi mke wangu akaniambia usiku siku hizi kumetulia, nikafurahi, programu ya simu ya kurekodi koromo nayo ikaonyesha mistari mifupi, mashine nikaifunika kitambaa. Sikumuuliza mtu. Mchana lakini nilikuwa naendelea kusinzia kwenye kiti, nikasema ni kazi nyingi. Nilipopima tena baada ya miezi mitatu namba ilikuwa imeshuka kweli, nzuri tu, lakini haijafika chini ya 5, na oksijeni usiku bado ilikuwa inateremka mara kadhaa. Koromo lilipungua haraka kuliko ugonjwa wenyewe, na hilo lina maana yake, kupepea kwa nyama ndo sauti, nyama zikikaza kidogo tu sauti inashuka, lakini kuzuia koo lisizibe kabisa kunahitaji zaidi ya hapo. Tafiti zilizokusanywa pamoja mwaka 2015 zilionyesha kitu kama hichohicho, kwa watu wazima kukatika pumzi kulipungua karibu nusu, lakini ile oksijeni ya chini kabisa usiku ilipanda kwa asilimia chache tu.

Kwa hiyo utaratibu ni huu. Unaanza na namba, kama una mashine unaendelea kuitumia muda wote wa mazoezi, ukifika miezi mitatu ya kweli kwenye kalenda unapimwa tena bila mashine, na daktari ndo anaangalia namba mpya na wewe. Ikiwa chini ya 5 na husinzii mchana mnaweza kuzungumza kuiweka mashine pembeni. Ikiwa kati ya 5 na 15 kuna mengine ya kuongezea, kifaa cha mdomoni cha kusogeza taya mbele, kulala ubavu, kupunguza uzito, au mashine ibaki ila kwa presha ndogo zaidi. Haijashuka kabisa? Basi chanzo chako huenda sio ulegevu wa misuli, ni umbo la taya au pua au kitu kingine, usijilaumu na usiongeze mazoezi mara mbili kwa hasira. Na wakati wote huu, mpaka namba itoke, kama unasinzia mchana usiendeshe gari safari ndefu, hilo halisubiri miezi mitatu.

Ukishapata matokeo mazuri usiache ghafla. Misuli ikiachwa inalegea, huu ni mwili, haina mkataba. Mimi sasa nafanya fungu moja kwa siku badala ya matatu na makao ya ulimi nayashika mchana kutwa, naenda kupima kila nikiona usingizi wa mchana unarudi au nimeongezeka kilo.

Jambo dogo la mwisho kuhusu huo usiku wa kipimo cha pili. Usijipambe. Lala ulivyozoea, kula muda uleule, kama huwa unalala chali lala chali, usifanye mazoezi mara sita siku hiyo kama mwanafunzi anayekesha kuamkia mtihani. Ukilala ubavu usiku mzima kwa sababu ya kipimo namba itatoka nzuri, na itakuwa ni ya usiku ule peke yake.